Makufuli Manne ya Mlango wa Chumbani

"Mkono gani leo?" muuguzi wa kliniki aliuliza, sindano ya uzazi wa mpango ikiwa tayari.

Mama Pacha aliitazama mikono yake yote miwili, akaona hakuna hata mmoja unaotaka. Akashukuru, akachukua mkoba wake, akaenda zake nyumbani.

Hakuwa mtu wa kukurupuka. Kwenye kiwanda cha biskuti alikofanya kazi alikuwa mkaguzi wa ubora, na kazi ya mkaguzi ni kutazama kitu kile kile kikipita mbele yake mpaka aseme basi. Na hili alikuwa amelitazama likipita tangu mapacha waache kunyonya. Vidonge vilimtapisha. Kijiti cha mkononi kilimpa damu isiyokatika, inadondoka kama bomba lililochoka. Sindano ikamletea maumivu ya kichwa ya upande mmoja, yakigonga kama mpangaji wa ghorofa ya juu anayehamisha kabati. Watoto walikuwa watatu, binti mkubwa na hao mapacha, na mke na mume walishakubaliana kwamba wanatosha. Walikubaliana wawili. Kichwa kilimuuma mmoja.

Mumewe alikuwa fundi wa lifti, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Mume mwema, hanywi, hapigi, hapandishi sauti. Alikuwa na neno moja alilolipenda kuliko yote: tutasaidiana. Vyombo vikijaa kwenye beseni, tutasaidiana. Mapacha wakiharisha kwa pamoja, tutasaidiana. Katika suala hili la uzazi, msaada wake ulikuwa kumkumbusha mkewe tarehe ya kliniki. Hakuwahi kuikosea, na alijivunia hilo mbele za watu. Kondomu nazo aliwahi kununua. Zilikaa kwenye sanduku lake la vifaa, chini ya koleo, zikisubiri dharura.

Jioni ile wakinywa chai, Mama Pacha akamwambia kwamba sindano basi. Fundi akapuliza chai yake, akasema pole, akasema asitie shaka, tutasaidiana.

"Tutasaidiana vipi?"

"Si nitakukumbusha..." Fundi akauona uso wa mkewe, akaiacha sentensi pale pale ilipofika.

Mama Pacha alishamweleza zamani kwamba wanaume nao wana upasuaji wao, mdogo, mtu anaingia asubuhi na mchana yuko nyumbani kwake. Kila alipomweleza, Fundi alikumbuka kitu cha kutengeneza nje. Safari hii akaona ampitie mlango mwingine, mlango wa kazini kwake.

Mafundi wa lifti wana sheria moja kubwa, na Fundi humweleza kila mgeni kabla hajakaa vizuri. Fundi yeyote anapoingia kwenye shimo la lifti, kwanza anazima swichi kuu na kuifunga kwa kufuli lake, kisha anaingia na ufunguo mfukoni. Wakiingia wawili, makufuli mawili. Wakiingia watano, matano. Kila mtu lake, na hakuna wa kumfungulia mwenzake hata awe bosi, kwa sababu kufuli likiwepo maana yake mtu yumo shimoni, na lifti ikiwashwa mtu huyo kwisha habari yake. Kuna fundi mmoja, rafiki wa Fundi wa chanda na pete, aliwahi kukata kufuli la mwenzake ili awahi kwenda nyumbani. Fundi mwenyewe ndiye aliyemripoti. Rafiki akamwaga unga. Fundi alilia, lakini hakubadili maneno.

"Mkiingia shimoni wawili," Mama Pacha akauliza, "makufuli mangapi?"

"Mawili," Fundi akajibu chapuchapu, akifurahi kuulizwa kitu anachokijua.

"Na humu ndani kwetu, miaka yote hii, limening'inia la nani?"

Fundi aliweka kikombe mezani bila kukiangalia. Alikuwa mtu wa kuelewa polepole, lakini akishaelewa, linamwingia mpaka kwenye mfupa. Alishika tama. Alimtazama mkewe kama mtu aliyegundua kwamba lifti anayoipanda kila siku haijakaguliwa tangu ijengwe.

"Sheria imevunjwa," akasema.

Kesho yake Mama Pacha alimsubiri arudi na tarehe ya hospitali. Fundi alirudi na drili.

Alikuja pia na komeo la chuma lenye ulimi wa matundu sita, lile wanalotumia kazini watu wengi wanapoingia shimo moja. Akalipigilia skrubu kwenye mlango wa chumba chao cha kulala, kwa nje, akipuliza vumbi la mbao kwa raha zake. Kisha akamkabidhi mkewe kufuli jekundu lenye kibao kidogo: HATARI. USIWASHE. MTU YUMO KAZINI. Chini yake alikuwa ameandika, kwa mwandiko wa kupendeza, Mama Pacha. Lake lilikuwa la bluu.

Akaeleza utaratibu. Chumba kitafungwa. Kila mmoja atakapokuwa ametimiza sehemu yake ya uzazi wa mpango, atafungua kufuli lake kwa mkono wake. Moja likibaki, hakuna anayeingia.

"Sasa tuko sawa," akasema. "Kila mtu lake."

Mama Pacha aliutazama mlango wake uliotobolewa. Alizitazama na zile skrubu, maana macho ya mkaguzi hayapumziki. Neno lilimfika mdomoni, akalimeza. Badala yake akamuuliza yeye Fundi sehemu yake ataitimiza vipi.

"Si hii hapa?" Fundi akajibu, akiligonga kufuli la bluu kwa kucha.

Akasema wafanye jaribio. Akabana lake, ta. Mama Pacha akabana lake, kwa hasira kuliko kwa imani, ta.

Kelele za drili zilikuwa zimemtoa jikoni mama yake Fundi, ambaye wote humo ndani walimwita Bibi. Alikaa nao tangu mapacha wazaliwe, na ndiye aliyeshinda na watoto wazazi wakiwa kazini. Akauliza huo mlango umefanya kosa gani. Fundi akaanza kumweleza kwa kuzunguka, akataja shimo, akataja swichi, jasho likimtoka, mpaka Bibi akamwambia ya chumbani hataki kuyasikia, arudie sheria tu.

"Anayepewa kufuli ni yule ambaye lifti ikianguka itamwangukia?"

"Ndiyo, mama."

"Mtoto akizaliwa wewe unakwenda kwenye malifti yako. Mkwe wangu anakwenda kwenye biskuti zake. Mtoto anabaki mgongoni kwa nani?"

"Kwako, mama."

"Nipe na langu."

Kwa sheria aliyoishika maisha yake yote, Fundi hakuwa na pa kukatalia. Akampa la manjano. Bibi akalibana, akautumbukiza ufunguo kifuani. Fundi alipotangaza kwamba jaribio limekwisha na kila mtu afungue lake, Bibi akasema yeye hafungui. Magoti yake bado yamo hatarini. Asubuhi iliyofuata akapanda basi kwenda kumtembelea bintiye mji wa pili, ziara aliyokuwa ameipanga zamani, jirani akiwa ameshaombwa kushinda na watoto, na ufunguo ukaenda naye.

Hapo ndipo ilipokumbukwa kwamba nguo zimo ndani.

Za Mama Pacha hazikuwemo. Zilikuwa sebuleni kwenye kiti, rundo zima, zikisubiri kupigwa pasi, na kwa mara ya kwanza maishani uvivu wa pasi ukamlipa. Za Fundi ndizo zilizokuwa kabatini, zimenyooshwa, zimekunjwa, zimepangwa kwa rangi, na mkewe. Akabaki na ovaroli lake la kazi lenye neno LIFTI mgongoni kwa herufi za njano. Alikwenda nalo kazini, sokoni, hata kwenye kikao cha wazazi shuleni kwa binti yake, ambako mwalimu mkuu alimwomba radhi na kumweleza kwamba jengo lao halina lifti.

Binti akabaki chumbani kwa Bibi, wengine wakalala sebuleni. Mama Pacha na mapacha kwenye godoro, na mapacha waliona nyumba haijawahi kuwa tamu hivyo. Fundi kwenye kochi, miguu juu ya stuli.

Kisha akaja mwenye nyumba. Alikuwa amesikia habari za drili, na mlango ni wake. Fundi, ambaye hakujua kusema uongo, akamweleza yote kuanzia swichi kuu. Mzee yule akasikiliza mikono ikiwa nyuma, akalichungulia lile komeo, akahesabu matundu yaliyobaki. Akauliza wamo wangapi ndani ya nyumba. Sita. Akauliza tangi la maji la pale uani linatosha watu wangapi. Fundi akasema, kwa kweli, linatosha sita kwa shida.

"Basi akija wa saba, maji yanamkatikia nani?" mwenye nyumba akauliza. "Wapangaji wangu. Na wapangaji watamfuata nani? Mimi. Hata mimi nimo shimoni, kijana wangu."

Hakungoja kupewa. Alikwenda kwake, akarudi na kufuli la shaba kubwa kama kobe mdogo, akalibana, akaenda zake akipiga mluzi.

"Yamekuwa manne," Mama Pacha akasema.

"Mfumo unafanya kazi," Fundi akajibu, lakini sauti ilikuwa imempungua.

Habari zikafika kazini kwake. Badala ya kumcheka, bosi wake alimpongeza mbele ya wenzake kwa kupeleka usalama mpaka nyumbani, na picha yake ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo, ndani ya ovaroli. Jumamosi moja mafundi wanne wakaja kuuona mlango. Walikaa sebuleni, wakayasifu makufuli, wakabishana kama ulimi wa matundu sita unatosha kwa familia yenye wajomba wengi. Mama Pacha aliwawekea chai na biskuti zilizovunjika za kiwandani, akasikiliza. Hakuna aliyetaja hospitali. Walikuwa wamelizunguka jambo lenyewe kama watu wanaosifia fremu ya picha.

"Shemeji zangu," akawaambia, "kati yenu nani amewahi kwenda kukatwa mirija?"

Mmoja akakumbuka kwamba ameacha kitu jikoni kwake. Wengine wakakumbuka kwamba huyo ndiye mwenye pikipiki.

Walipoondoka, Fundi hakurudi kwenye kochi. Alifungua sanduku lake, akatoa mkasi wa kukatia chuma, ule wa mikono mirefu, akaenda kusimama mbele ya mlango. Alikuwa amechoka na ovaroli. Alikuwa amechoka na stuli. Akaupanua mdomo wa mkasi, akaulisha kufuli la kwanza lililokuwa mbele yake, na lilikuwa jekundu.

Mama Pacha alisimama kando yake, pasi mkononi.

"Kata," akasema.

Fundi alibana kidogo. Akakisoma kile kibao alichokiandika mwenyewe kwa mwandiko wa kupendeza, akaushusha mkasi.

"Halikatwi," akasema. "Mtu yumo."

"Yumo. Tangu mapacha waache kunyonya yumo. Yumo na vidonge, yumo na damu, yumo na kichwa. Wewe uko juu kwenye kitufe, unamkumbusha tarehe. Hili la bluu lako ni pambo, Baba Pacha. Hujaingia shimoni hata siku moja."

Fundi akateleza na ukuta taratibu mpaka akaketi sakafuni, mkasi mapajani. Mama Pacha hakumsaidia. Akaendelea kupiga pasi sare yake, na mvuke ukawa unasikika.

"Naogopa kamba," Fundi akasema mwishowe.

"Kamba gani?"

Akamweleza, macho yakiwa chini. Maisha yake yote amefundishwa kwamba lifti ni kamba. Swichi ikifa, watu wanakwama tu. Kamba ikikatika, kila kitu kinakwenda chini na hakipandi tena. Sasa mtu aje amwambie kwamba atakwenda hospitali kwa miguu yake, avue nguo, akatwe kamba mbili, halafu kesho mambo yapande kama kawaida? Nani ameliona hilo? Lina mkaguzi?

Mama Pacha aliweka pasi pembeni. Kicheko kilikuja kutoka mbali, kikamkamata mbavu, akacheka mpaka mapacha wakaja kuuliza kuna nini. Miaka yote hiyo alidhani mumewe hajali. Kumbe mwenzake anajali kamba.

"Twende ukamuulize anayezikata," akasema.

Wakaenda Jumatatu, Fundi akiwa na ovaroli lake, hana lingine. Mama Pacha akamwacha kwenye benchi la wodi ya upasuaji mdogo, kati ya wanaume wawili waliokuwa wakitazama ukuta kana kwamba wamekuja kuununua, akaenda dirishani kumwandikisha. Aliporudi, benchi lilikuwa na wanaume wawili na nafasi katikati.

Akaangalia chooni. Akaangalia kantini. Muuguzi akatoka mlangoni na kuuliza Fundi yuko wapi, zamu yake ndiyo inayofuata. Mama Pacha akasema anakuja. Aliiona miaka iliyobaki yote, mikono yake miwili na swali la mkono gani leo. Akawauliza wale wawili kwenye benchi. Mmoja, bila kuuacha ukuta, akanyoosha kidole upande wa ngazi, na kwa sura yake Mama Pacha akajua naye alikuwa anapanga njia hiyo hiyo.

Akashuka. Hakukimbia, alishuka tu, akihesabu maneno atakayomwambia akimkuta kituoni, na yalikuwa machache na makali. Chini kwenye korido, kando ya lifti ya hospitali iliyokuwa na kamba nyekundu mbele yake, akasimama.

Kwenye sanduku la swichi ukutani palining'inia kufuli jingine la bluu, lile analotembea nalo mfukoni mwa ovaroli. HATARI. USIWASHE. MTU YUMO KAZINI. Chini yake, kwa mwandiko wa kupendeza, Fundi.

Mlinzi wa hospitali, aliyekuwa amesimama hapo kama askari wa gwaride, akamweleza kwa furaha kwamba lifti ilikufa zamani na wagonjwa wanabebwa kwa ngazi, wakapiga simu wakachoka, na leo hatimaye kampuni imemtuma mtu. Alimkuta ghorofani, amekaa tu kwenye benchi, akamshika mkono akamleta. Jamaa alikuwa anasema kitu kuhusu kukatwa, lakini yeye hakumwelewa.

Mama Pacha akaligusa lile kufuli. Mtu aliyekimbia huchukua kufuli lake. Akabisha mlango wa shimo kwa funguo za nyumbani.

"Baba Pacha, unaitwa."

"Nakuja," sauti ikajibu kutoka chini, ya mtu mwenye bisibisi mdomoni. "Ilikuwa swichi ya mlango tu. Kamba zake nzima."

Alipanda ghorofani kwa lifti aliyoitengeneza, grisi mpaka kwenye viwiko, akapewa sabuni. Muuguzi akawakalisha wote wawili kwanza, akaeleza, akauliza kama wana swali. Fundi akauliza la kamba. Muuguzi alikuwa mama wa makamo aliyekwisha kusikia kila aina ya swali, lakini hili lilimfanya aweke kalamu chini.

"Kamba zako hazigusi mtu, baba," akasema. "Lifti itapanda na kushuka kama kawaida. Itakuwa haina abiria, basi."

Fundi akafikiri. Akatikisa kichwa kwa kukubali, taratibu, kama mtu anayesaini. Akaingia. Hakukaa sana. Alitoka akitembea kama amebeba mayai, na muuguzi akawapa la mwisho: wasidhani kazi imekwisha. Arudi baada ya miezi mitatu apimwe, na mpaka majibu yatoke watumie kondomu kila mara. Mama Pacha alitegemea mumewe anung'unike. Lakini Fundi uso ulimng'aa.

"Bila shaka," akasema. "Lifti haifunguliwi siku ya matengenezo. Inajaribiwa kwanza."

Nyumbani wakamkuta Bibi amerudi. Akaambiwa, kwa kuzunguka, kwamba mwanawe ameingia shimoni na ametoka salama. Akamwambia mwanawe pole, na kweli alimwonea huruma, akamwekea mto kwenye kochi. Lakini kufuli hafungui mpaka majibu yatoke. Mwenye nyumba, alipochungulia dirishani, akasema vivyo hivyo. Na Fundi mwenyewe, akiwa amelala chali, akasema wako sahihi. Hata yeye la bluu la mlangoni hafungui. Majaribio bado.

Mama Pacha aliwatazama wote watatu. Akaenda kwenye sanduku la vifaa, akatoa bisibisi, na kutoka chini ya koleo akatoa ile pakiti ya kondomu. Akasoma tarehe yake ya mwisho kwa jicho la mkaguzi, akaitupa kwenye taka. Akamwambia mumewe kwamba akipona, kununua nyingine ni kazi yake, na kuikumbuka ni kazi yake.

Kisha akaenda mlangoni. Fundi alikuwa fundi wa lifti, hakuwa seremala. Seremala angezificha skrubu chini ya ulimi wa komeo. Zake zilikuwa nje, kichwa wazi, zinang'aa. Mama Pacha akazifungua moja baada ya nyingine, komeo likatoka zima na makufuli yake yote manne yamening'inia, hakuna lililokatwa, hakuna lililofunguliwa. Akalitundika kwenye msumari wa kalenda. Mlango ukafunguka wenyewe, na harufu ya nguo zilizopigwa pasi ikatoka.

Fundi akainua kichwa kutoka kwenye mto.

"Ulijua tangu lini?" Fundi akauliza.

"Tangu ulipokuwa unatoboa."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Mama Pacha akamrushia suruali safi ya kulalia, ikamwangukia kifuani ikiwa bado imekunjwa.

"Ningekuwa nimekusaidia," akasema, akaingia kulala kitandani kwake.